Vuli ya Kutengeneza kwa Mkono

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta yale majira ya Ulaya ambayo majani hugeuka rangi na kuanguka, utaambiwa ni "vuli". Hilo limenikera tangu shule. Kwetu Pwani vuli ni mvua. Inaanza Oktoba, mchicha unaota hata pasipopandwa, na hakuna jani linalodondoka isipokuwa la mwembe, ambao hudondosha mwaka mzima na kumchosha mwenye ufagio. Huko Mbeya na Iringa ndiko kubaya zaidi, maana vuli yenyewe hawana. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri vuli na masika kwa mikoa ya kaskazini na ya Pwani. Nyanda za Juu Kusini hutabiriwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kipupwe: anga kavu, jua lisilo na moto, na usiku wa kulalia soksi.

Mwezi wa sita nilipanda basi kwenda Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, kwa mwalimu wangu wa zamani wa baiolojia. Amestaafu, amerudi kwao, ana robo eka. Alikuwa amenipigia simu na kusema maneno mawili: "Njoo upogoe." Nilidhani ananitania. Mimi ninalima matembele kwenye ndoo za rangi kibarazani, Dar es Salaam.

Nilimkuta amevaa sweta mbili na buti za mvua, ingawa mvua ilikwisha wiki nyingi zilizopita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Ndaga kwa kuja. Koti liko wapi?"

Sikuwa na koti. Akanipa la marehemu mumewe, nami nikalivaa siku nne mfululizo.

Bustani yake imezungushiwa ua wa matunda damu. Ndani kuna mitufaa miwili, mplamu mmoja, mparachichi mmoja mkubwa kuliko nyumba, na mifyulisi minne. Hapa lazima nisimame kidogo kwenye majina. Fyulisi ni neno la kamusi. Sokoni Mwanjelwa ukilisema watu watakutazama, sema pichi. Tufaa nalo wanaliita epo. Na ukimtajia shangazi yangu wa Unguja tofaa, yeye atafikiria lile tunda jekundu, laini, jeupe ndani, lenye harufu ya waridi kwa mbali, ambalo si ndugu wa epo hata kidogo. Nchi moja, lugha moja, na bado ukiagiza tunda unaweza kuletewa lingine.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilinishangaza. Nilitarajia jembe, nikapewa ngazi na kuambiwa nipukutishe majani ya mitufaa. Yote. Kwa mkono. Majani mabichi, yenye afya, yasiyo na kosa.

"Yana ugonjwa?"

"Hayana. Ila mti haujui kwamba mwaka umekwisha. Tunauambia."

Akaeleza huku akinionyesha namna ya kuvuta jani kuelekea nyuma ya tawi ili tumba lililo kwapani mwake lisijeruhike. Mtufaa ni mti wa nchi za baridi kali. Kwao huko, baridi ikiingia, mti hudondosha majani na kulala, na hauamki mpaka uhesabu saa za kutosha za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa zaidi ya 800. Mbeya haiwezi kuzitoa. Usiku wa Juni unaweza kushuka hadi nyuzi 6, lakini saa nne asubuhi jua limekwisha kufuta kila kitu. Kwa hiyo mti ulioachwa peke yake unabaki kama mtu aliyekosa usingizi: majani ya zamani hayaanguki, maua machache yanatoka hapa na pale, matunda yanakuwa ya kubahatisha. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua aina isiyodai sana, kama ile iitwayo Anna, iliyozalishwa Israel, ambayo huridhika na saa 200 hadi 300. Ya pili ni kuutengenezea mti majira yake: ukishavuna, punguza maji, pukutisha majani, kata matawi, kisha subiri. Baada ya wiki chache matumba hufunguka kwa pamoja. Huko Batu, Java Mashariki, wakulima wamefanya hivyo kwa miongo mingi na huvuna matufaa mara mbili kwa mwaka.

Nilikaa juu ya ngazi asubuhi nzima nikilifikiria jambo hilo. Kumbe vuli ile ya kwenye kamusi ipo Uyole. Ila inatengenezwa kwa vidole, jani moja baada ya jingine, na vidole vinaganda.

Mifyulisi haikuhitaji hivyo. Yenyewe ilikuwa imeanza kunyonyoka, majani yamekuwa ya manjano na mengine yamelala chini. Kwayo kazi ilikuwa mkasi. Mwalimu hapendi mtu anayekata kwa woga, na hapendi zaidi mtu anayekata kwa furaha. Mfyulisi huzaa kwenye kijiti kilichokua mwaka uliopita, chenye rangi nyekundu-kahawia; kile cha kijivu kimeshafanya kazi yake. Ukivikata vyekundu vyote umekula mbegu. Ukiviacha vyote, mti utazaa vitunda kama golori. Aliniachia mti mmoja peke yangu, akaenda kuchanganya chokaa ya kupaka mashina. Aliporudi aliuzunguka mti wangu kimya, akaokota tawi moja nililolikata, jekundu tangu mwanzo hadi mwisho, akalitia mfukoni mwa sweta. Hakusema kitu. Ningeomba aseme.

Jumamosi walikuja majirani. Wana utaratibu wa kuzungukiana: wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Alikuwepo mke wa mchungaji, mwenye jembe lake mwenyewe asilomwazima mtu. Mzee mmoja aliyekuja na mkokoteni wa mavi ya ng'ombe na kuuegesha kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi. Na kijana wa bodaboda anayelima stroberi kwenye matairi chakavu ya kazi yake. Majani niliyoyapukutisha, magugu, mabua ya mahindi na mavi yakapangwa tabaka kwa tabaka kuwa mboji. Nyasi kavu zikatandazwa chini ya miti, mbali kidogo na shina ili panya wasipate kitanda. Mazungumzo yalikuwa ya viazi. Gunia la viazi vya Uporoto likishonwa kwa lumbesa, mkulima hulipwa gunia moja lakini hutoa karibu moja na nusu. Sheria ya vipimo inakataza, kila mwaka mtu mkubwa anapiga marufuku, na kila mwaka magunia yanatoka barabarani yamevaa kilemba. Mke wa mchungaji alisema hata jembe lingekuwa na masikio lingechoka kuisikia habari hiyo.

Mchana tulipika jamu. Msimu wa pichi ulikuwa umepita tangu Januari, na jamu yake ilikuwa kabatini, chupa kumi na moja. Kilichokuwepo mitini ni matunda damu, mazito, mekundu ya kuelekea zambarau. Unayatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, unayatia kwenye maji ya baridi, na ganda linavulika kama soksi. Ganda ni chungu. Lisipotoka lote jamu nzima itakumbuka. Nyama yake hukatwa, hupondwa, mbegu nyingine huchujwa. Halafu sukari, uzito karibu sawa na wa tunda, na maji ya limau. Maganda ya limau na kokwa zake alizifunga kwenye kitambaa na kuzamisha sufuriani, maana humo ndimo mna pektini, gundi inayofanya jamu isimame.

Nikakiri kosa langu. Mwaka juzi nilipika jamu ya embe nyumbani. Baada ya wiki mbili kifuniko kilivimba, nikakifungua kikatoa povu na sauti.

"Sukari uliweka kiasi gani?"

"Nusu. Nilikuwa naogopa kisukari."

"Basi hukupika jamu. Ulipika togwa."

Wote wakacheka, hata kijana wa bodaboda ambaye tangu asubuhi alikuwa na haya. Sukari katika jamu, Mwalimu alisema, haipo kwa utamu peke yake: ikiwa nyingi hunyang'anya maji, na kidudu kisicho na maji hakiishi. Asidi ya limau humalizia. Kama unaogopa sukari kula kidogo, usipike kidogo.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kipimajoto. Vitabu vya mapishi husema jamu imeiva ikifika nyuzi 104 au 105. Mwalimu huitoa motoni kwenye 98. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi maji huchemka mapema kwa nyuzi moja. Dar maji huchemka kwenye 100, kwake ni 94. Jamu iko tayari inapovuka chemko la maji kwa nyuzi nne na nusu hivi, popote ulipo. Anayefuata kitabu kilichoandikwa usawa wa bahari akiwa Uyole atachemsha mpaka apate lami. Kinyume chake ni kwenye kuchemsha chupa zilizojazwa: maji yasiyo na moto wa kutosha hayaui upesi, kwa hiyo palipoandikwa dakika 5 Mwalimu huchemsha 10. Akakumbuka kutueleza habari za Nicolas Appert, mpishi wa peremende wa Ufaransa, aliyegundua kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizochemshwa, akalipwa na serikali yake faranga 12,000 na kuchapisha siri yake 1810. Hakujua kwa nini inafanya kazi. Louis Pasteur, aliyekuja kueleza sababu, alikuwa bado hajazaliwa. "Alikuwa fundi kabla ya kuwa na sababu," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona tena ubaoni.

Sahani ya kujaribia haikuhitaji friji. Ilikuwa imekaa dirishani nje. Tone la jamu likadondoshwa juu yake. Tukainamia wote watano, vichwa vikigongana. Mwalimu akalisukuma kwa ncha ya kidole. Juu yake ukaingia mkunjo mdogo, kama ngozi ya maziwa. "Toa," akasema.

Shida ya wahifadhi wa Uyole ni chupa. Matunda yapo, sukari inanunuliwa, lakini chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati kinachofunga kweli haitupwi na haiazimwi ovyo. Kwa hiyo wana sheria: chupa hairudi tupu, kama ilivyo kwa sahani ya jirani siku ya sikukuu. Nilipoaga, Mwalimu alinipa moja ya zile kumi na moja. Kifuniko kilikuwa na alama ya msumari, mkwaruzo mmoja wa mlalo. Sikupewa mimi, nilipewa nimpelekee rafiki yake Iringa, mzee waliyefahamiana kwenye maonyesho ya Nanenane miaka mingi nyuma wakigombania mche mmoja wa plamu.

Mbeya hadi Iringa ni kilomita 330 hivi. Niliipakata chupa njia nzima. Unashuka Igurusi na Chimala, koti linakuwa adui, mashamba ya mpunga ya Usangu yanang'aa upande wa kushoto. Unapanda tena Makambako ambako upepo unapekua basi. Halafu Mafinga na misonobari ya Sao Hill, safu baada ya safu, msitu uliopigwa pasi. Mengine nililala.

Mzee wa Iringa anakaa upande wa kwenda Kalenga na Tosamaganga, bondeni, karibu na Ruaha Ndogo. Tosamaganga, wenyeji husema, maana yake kwa Kihehe ni "tupa mawe". Wamisionari wa Kibenedikto walifika mwishoni mwa karne ya 19, Wakonsolata wa Kiitalia wakafuata baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na majengo yao ya matofali bado yamesimama mlimani.

"Kamwene," akanisalimu, macho kwenye chupa.

Kabla sijaketi alikuwa ameifungua, amenusa, amemimina jamu yote kwenye bakuli, ameiosha chupa na kuigeuza juani. Ndipo akaniuliza habari za safari.

Iringa ni kavu kuliko Uyole, na kazi za mwezi wa sita ni tofauti. Huku hawamalizi msimu. Wanahamia bondeni kuanza mwingine. Vinyungu ni bustani za mabondeni za Wahehe na Wabena: udongo mweusi unaobaki na unyevu baada ya mvua, unaopandishwa kuwa matuta, na mifereji katikati ya kutoa maji ya ziada. Nyasi hazichomwi, hufyekwa, hulazwa, na kufunikwa kwa udongo ziozee ndani ya tuta. Mzee alinipa jembe la mpini mrefu na kuniweka mferejini, miguu ndani ya maji baridi kama kisu. Maharage, mboga na mahindi yanayopandwa hapo huliwa kuanzia Oktoba, wakati ghala la mlimani linaanza kuonyesha sakafu.

Lakini mpaka wa kinyungu chake umesogea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mzee amezipima kwa hatua, mara mbili, na anakubali kwamba matuta yake mawili yalikuwa ndani. Ameyaacha. Haoni kama ni haki, kwa sababu babu yake alilima hapo na mto ulikuwepo. Nilimwuliza kama mto bado ni uleule. Akachomoa jembe, akafuta tope kwa kidole gumba, akasema maji ya huku huenda Ruaha Kuu, nayo tangu 1993 hukauka kiangazi huko mbugani. Basi labda kila mtu apime hatua zake, na wenye mashamba makubwa waanze. Nadhani ana haki katika yote mawili, na hilo halimsaidii.

Kuhifadhi kwake hakuna moto. Ana fremu za mbao zenye wavu, zilizoinuliwa juu ya mawe, na karatasi ya nailoni kwa juu kama paa. Juu yake zilikuwa nyanya. Nyanya nazo ni tunda, alinikumbusha, kama mtu aliyewahi kubishana na Mwalimu juu ya hilo. Iringa ni nchi ya nyanya. Ilula, kwenye njia ya Dar, matenga hupangwa barabarani mpaka macho yachoke, na bei ikianguka huoza hapohapo na nzi hufanya mkutano. Mzee huzinunua siku hizo. Huzikata mara nne, hunyunyiza chumvi, huzilaza upande wa ganda chini. Jua la kipupwe na upepo mkavu hufanya mengine kwa siku nne au tano, na usiku fremu huingizwa ndani zisinywe umande. Kilo nyingi sana hurudi kuwa kiganja. Nilitafuna kipande kimoja: chumvi, kisha uchachu, kisha utamu uliochelewa.

Jioni nilimwulizia ulanzi. Akacheka; nimechelewa. Mwanzi hugemwa wakati wa mvua. Sasa umekauka, na ulanzi hauhifadhiki: asubuhi ni wa watoto, kesho yake ni mkangafu, keshokutwa ni kesi. Aliufurahia ukweli huo. "Vingine ni vya kunywa vikiwepo," alisema, akichovya kipande cha kiazi kwenye jamu ya pichi ya Januari.

Asubuhi chupa ya Mwalimu, imejaa nyanya kavu, ilikabidhiwa kwa dereva wa basi la Mbeya pamoja na vikonyo sita vya plamu vya kubebeshea, vimeviringishwa kwenye gunia bichi na nailoni. Mimi nilipewa chupa nyingine, yake mwenyewe, nyanya hizohizo. "Hii ni ya kwako," alisema. "Unajua sheria."

Nilizimaliza kwa wiki mbili. Chupa ikakaa mezani, safi, ikinitazama. Nyumbani kwangu hapaoti pichi, embe lilikuwa bado ua, na jamu sikuthubutu. Mwishowe nilinunua ukwaju mpya Kariakoo, nikautoa kokwa usiku mzima, nikaushindilia na chumvi kidogo, nikaupeleka stendi ya Magufuli.

Siku ya tatu ulikuja ujumbe: "Ukwaju umefika. Mzuri. Kifuniko si changu."

Nilikitafuta jiko zima. Kilikuwa kwenye chupa ya pilipili, kimekaza.